Kaseti ya Mwenyewe Haijaribiwi

Redio kaseti ikifika kwangu hapa Kalokol na kaseti ndani, kwanza ninaitoa hiyo kaseti na kumkabidhi mwenyewe. Wengi hunung'unika: "Fundi, si ujaribu na hii hii?" Nakataa kabisa. Mota naweza kuing'oa kwenye redio iliyokufa, na nisipopata nitaiagiza Lodwar. Sauti ya mzee akimsifu maksai wake, iliyorekodiwa kabla hajafariki, haina spea. Na kule Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992, wapo waliokimbia vita wakiwa hawana cha kukumbukia kwao ila nyimbo zilizo kwenye kaseti.

Utepe wa kaseti haufiki milimita 4 kwa upana. Unavutwa na chuma chembamba kinachozunguka, umebanwa na rola ya mpira, nalo gurudumu la kulia linaukunja. Joto la huku likilegeza mkanda wa mota, au mchanga wa upepo wa Ferguson's Gulf ukiingia kwenye ekseli, gurudumu hilo husimama huku rola ikiendelea kuvuta. Utepe humwagika, hujiviringisha kwenye rola, na anayefungua kifuniko kwa nguvu huukata. Kaseti za dakika 120 ndizo huumia zaidi, kwa kuwa utepe wake ni mwembamba mno.

Kwa hiyo mimi huwasha mashine ikiwa tupu, nikaligusa gurudumu la kulia kwa kidole kuona kama lina nguvu. Kisha naweka kaseti chakavu ya dakika 60 na kuiacha icheze pande zote mbili.

Ipo hatari nyingine isiyopiga kelele, na hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Redio nyingi za bei nafuu hufuta kwa sumaku ndogo inayosogea mbele ukibonyeza kitufe cha kurekodi. Wenzo wake ukipinda, sumaku hubaki imegusa utepe hata unapocheza tu. Unasikiliza, nayo inafuta. Pia fundi akipima hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, kwa mita, umeme wa mita huweza kuifanya hedi yenyewe kuwa sumaku, na kila kaseti ipitayo hapo hupungukiwa sauti nyembamba.

Na kwa usalama wako wewe fundi, jaribu kwa mawe ya redio. Kwenye umeme wa volti 240, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, maana mara nyingi transfoma hubaki na umeme. Betri ya sola ya volti 12 haishtui, ila nyaya zake zikigusana huwaka moto, na redio ya mawe sita inataka volti 9 tu.

Nawe mwenye kaseti, vunja vijino viwili vya mgongoni mwake ili mtu asirekodi juu yake. Vijino havizuii ile sumaku iliyopinda. Kabla ya kuipeleka redio kwa fundi yeyote, iache kaseti nyumbani.