Ruzuku ya malezi Lubaga: pesa ifuate mtoto, ubora uwe sharti

Soko la Nateete, katika tarafa ya Lubaga jijini Kampala, huamka kabla ya jua. Malori ya matoke yanapoingia kwa Barabara ya Masaka, akina mama wameshapanga nyanya na mboga zao za nakati, wengine na mtoto mgongoni. Waliobaki wamemwacha mtoto kwa jirani: chumba kimoja, mkeka mmoja, watoto wamejaa, sigiri ya mkaa karibu na mlango. Mama anajua hatari iliyopo, lakini asipouza leo, jioni hakuna chakula.

Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mwajiriwa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Mchuuzi hana hata hizo. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza 1997, humpokea mtoto akifikisha miaka 6. Kabla ya hapo, Sheria ya Elimu ya 2008 imeiacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi, na mzazi ndiye mlipaji.

Kwamba ruzuku ya malezi inasaidia, ushahidi upo. Korogocho, Nairobi, akina mama waliopewa vocha za malezi walipata kazi kwa wingi kuliko wenzao, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia. Hapa Uganda, kaya zilizolipiwa chekechea ya kutwa kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 ziliongeza kipato, na makuzi ya watoto yakawa bora.

Hata hivyo, pesa ya umma isiyouliza inanunua nini hupotea. Kuanzia 2007 Serikali ililipa sekondari binafsi zilizoshirikiana nayo shilingi 47,000 kwa kila mwanafunzi kila muhula. Kilichohesabiwa ni vichwa, yakaibuka malalamiko ya wanafunzi hewa, na kufikia 2018 mpango ulianza kuondolewa. Quebec, Kanada, nayo ilishusha bei ya malezi hadi dola 5 kwa siku mwaka 1997. Wazazi walimiminika, lakini watafiti wakakuta vituo vingi, hasa vya biashara, ubora wake ni hafifu. Jimbo la Oklahoma, Marekani, lilichagua njia nyingine mwaka 1998: vituo vinapewa nyota, na kila nyota inaongeza malipo.

Lubaga nayo inaweza kuwa na nyota zake. Mkaguzi haangalii rangi za ukutani. Anauliza mlezi mmoja ameshika wachanga wangapi. Sigiri iko wapi? Choo kiko umbali gani? Mfereji wa Nalukolongo ukifurika, maji yanaingia chumbani? Kisha anakaa kimya kusikiliza: mlezi anaongea na watoto na kuwaimbia, au anawalaza tu ili wanyamaze?

Wapo wanaohofia kwamba masharti yatamfukuza mama anayelea watoto chumbani kwake Ndeeba, na ruzuku iende kwa vituo vya matajiri. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo nyota ya kwanza iwe ya usalama tu, na pesa ya kuifikia itangulie: ya kujenga choo, kuweka kizuizi mlangoni, kumlipia mlezi mafunzo. Apewe muda wa kupanda. Akipanda, malipo kwa kila mtoto yaongezeke. Akikataa kabisa, vocha ibaki mkononi mwa mzazi, amhamishie mtoto kituo kingine.

Ukaguzi ufanywe na Mamlaka ya Jiji la Kampala pamoja na wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, bila taarifa, na matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiganda na Kiswahili. Sehemu kubwa ya nyongeza iende kwenye mshahara wa mlezi. Choo kizuri na midoli havitambembeleza mtoto anayelia, na mlezi anayelipwa vibaya ataondoka mara tu akipata kibarua bora. Serikali ikitaka kupima thamani ya shilingi yake, iulize kila mwaka swali moja: walezi wangapi wa mwaka jana bado wapo, na watoto walewale?