Karagwe, Kyerwa na somo la kahawa ya Vietnam

KILA mwaka kati ya Januari na Aprili, kahawa ikiwa bado mbichi mtini, biashara ya kimyakimya hufanyika katika vibanja vya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Mkulima anayedaiwa ada ya shule au gharama za matibabu humwendea mwenye fedha na kumuuzia mavuno ambayo hayajaiva. Biashara hiyo huitwa butura. Bei hupangwa na mwenye fedha, na huwa chini sana ya ile itakayolipwa msimu ukifunguliwa.

Viongozi wa mkoa na wa taifa wameipiga marufuku butura mara nyingi, lakini haijaisha. Sababu yake inaeleweka vizuri zaidi mtu akitazama nchi iliyo mbali, lakini inayolima kahawa ile ile ya robusta: Vietnam.

Nchi hizi mbili zilianza mageuzi ya uchumi mwaka mmoja. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na kuanza kulegeza uchumi uliokuwa mikononi mwa dola. Desemba mwaka huo huo, chama tawala cha Vietnam kilipitisha sera ya mageuzi iitwayo Doi Moi. Zote mbili zilikuwa nchi maskini za kijamaa zilizochoshwa na uhaba wa bidhaa.

Kwa upande wa kahawa, mageuzi ya Tanzania yaligusa hasa soko. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kushindana na vyama vikuu vya ushirika, kikiwamo cha Karagwe, KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990. Wakulima wengi walifurahia kulipwa fedha taslimu papo hapo, baada ya miaka ya kukopwa na kusubiri malipo ya pili.

Vietnam nayo ilifungua soko, lakini haikuishia hapo. Mwaka 1988 mashamba ya ushirika yaligawiwa kaya. Sheria ya ardhi ya mwaka 1993 ikampa mkulima wa mazao ya kudumu haki ya kutumia ardhi kwa miaka 50, kuirithisha, kuihamisha na kuiweka rehani benki. Ikumbukwe kwamba huko nako, kama Tanzania, ardhi ni mali ya umma. Benki ya kilimo ya serikali ilikopesha kaya, mbolea ikapatikana, na wakulima wakamwagilia mibuni wakati wa kiangazi.

Matokeo yake yalishangaza dunia. Nchi iliyovuna takriban tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980 ilifikia karibu tani 900,000 mwaka 2000, ikawa ya pili duniani baada ya Brazil. Katika kipindi hicho Tanzania ilibaki kwenye tani 50,000 hivi kwa mwaka.

Wimbi hilo lilifika hadi Karagwe. Kahawa ilipofurika sokoni, bei ya robusta katika soko la London ilishuka chini ya dola 400 kwa tani mwishoni mwa 2001. Mkulima aliyekuwa ameshapata pigo la ugonjwa wa mnyauko, uliogundulika Kagera miaka ya 1990, hakuona sababu ya kuhudumia mibuni.

Nani anunue?

Tangu hapo mjadala wa kahawa nchini umekuwa zaidi juu ya mnunuzi. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipitie vyama vya msingi vya ushirika. Malipo yalipochelewa, magendo ya kwenda Uganda yaliendelea, na Kyerwa, inayopakana na nchi hiyo huko Murongo, ikawa njia mojawapo. Baadaye minada ilianza kufanyika mkoani Kagera kwenyewe, na ushindani ukasaidia kupandisha bei.

Hayo yote yana umuhimu wake. Lakini bei nzuri humfaa mwenye kahawa ya kuuza. Mkulima wa Vietnam hupata zaidi ya tani mbili za kahawa safi kwa hekta, wakati wastani wa Tanzania haufiki nusu tani. Mwaka 2024 robusta ilipopita dola 5,000 kwa tani mjini London, aliyekwisha kuuza maua ya mibuni kwa butura aliishuhudia neema hiyo ikiingia mfukoni mwa mwingine.

Vietnam isiigwe kwa kila jambo. Misitu ya nyanda zake za juu ilifyekwa, maji ya visima yakapungua, na jamii za wenyeji wa milimani zikapoteza ardhi kwa wahamiaji. Kibanja cha Mnyambo, chenye migomba, maharage na mibuni pamoja, humlinda na njaa bei zinapoanguka. Hazina hiyo haifai kutupwa.

Kinachofaa kuchukuliwa ni kwamba soko ni sehemu moja tu ya mageuzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hati za haki miliki ya kimila, lakini hati isiyomwezesha mkulima kukopa hubaki karatasi ya sandukuni. Vyama vya msingi vikiwezeshwa kutoa mkopo mdogo mwezi Januari kwa dhamana ya mavuno na kwa riba nafuu, vitashindana na mwenye fedha wa kijijini mahali anapopatia nguvu zake. Na miche inayostahimili mnyauko, iliyozalishwa na watafiti wa TaCRI, ikienea vibanjani, kutakuwa na kilo za kupeleka mnadani.

Butura ni mkopo ghali unaochukuliwa na mtu asiye na mkopo mwingine. Amri peke yake haitauondoa. Utaondoka siku mkulima atakapokuwa na mlango mwingine wa kubisha mwezi Januari.