Michael Olunga: kutoka Upper Hill hadi Japani

Michael Olunga, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1994, alisoma Upper Hill, shule ya sekondari jijini humo, kisha akasomea uhandisi chuoni huku akisakata kabumbu la ligi. Mwaka 2015 aliifungia klabu ya Gor Mahia mabao 19, nayo ikatwaa ubingwa wa ligi ya Kenya bila kupoteza mchezo. Akapitia Uswidi, China na Hispania kabla ya kutua Japani katika klabu ya Kashiwa Reysol.

Siku inayomweleza vizuri zaidi ni Novemba 24, 2019: Kashiwa Reysol iliicharaza Kyoto Sanga 13-1, na manane kati ya mabao hayo yalikuwa yake. Mwaka uliofuata alifunga 28 katika Ligi Kuu ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Mwaka 2021 alihamia Al-Duhail ya Qatar.