Wimbo wa Kuwasili Usiimbwe Mlangoni

Kwa Kiganda, watu waliofika husema tutuuse. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: tu ni tu ileile ya kwetu, na kitenzi ni cha kufika. Kama waliofika ni wengine, kiambishi kinakuwa ba, ndugu wa damu wa wa yetu, na neno linakuwa batuuse. Sasa utazame wimbo ambao bendi kongwe ya Kampala imejitambulisha nao tangu miaka yake ya mwanzo: “Afrigo Batuuse”. Afrigo wamewasili. Wao, si sisi. Bendi inajitangaza kwa kinywa chake yenyewe kana kwamba inamzungumzia jirani aliyeonekana kwenye kona ya mtaa na mizigo begani. Mtu ataeleza kwamba hii ni desturi ya muziki wa dansi, ambako bendi hujisifu kwa kujitaja jina. Msondo Ngoma ya Dar es Salaam hujiita Baba ya Muziki, na Kilimanjaro Band ni Wana Njenje, wala hakuna anayeshangaa. Maelezo hayo yanamtosha mwanaisimu. Hayamtoshi mtu aliyeketi na kalamu akijaribu kupanga orodha ya nyimbo za usiku mmoja, kwa sababu yeye lazima ajue ni nani anayesema wamewasili, na anamwambia nani.

Afrigo ilizaliwa mwaka 1975, wanamuziki walipojitenga na Cranes Band, na kwa hesabu hiyo ilitimiza nusu karne mwaka 2025. Waliopita humo ni wengi kuliko wanaoweza kupanda jukwaa moja: waasisi, warithi wao, waimbaji waliokuja kujenga jina kisha wakaenda kujitegemea. Ndiyo maana mchezo wa kuwaza usiku mmoja wa kuwakusanya wote, walioondoka na waliobaki, una utamu wake, na kila mpenzi wa bendi ana orodha yake mfukoni. Orodha nyingi zinafanana mwanzo wake. “Afrigo Batuuse” inakaa namba moja, kwani wimbo wa kuwasili utaimbwa lini kama si wakati wa kuwasili? Hoja ya makala haya ni kwamba hapo ndipo mahali pake pabaya kuliko pote. Wimbo huo usubiri mpaka saa ya mwisho, na ukishausogeza huko, nyimbo nyingine zote zinajipanga zenyewe.

Wanaoshikilia desturi wana ushahidi, tena mzito. Led Zeppelin walipokutana tena London tarehe 10 Desemba 2007, baada ya bendi yao kuvunjika mwaka 1980 kufuatia kifo cha mpiga dramu John Bonham, walifungua na “Good Times Bad Times”, wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza. Hawakupoteza dakika kujieleza. Walipiga nyimbo 16 usiku ule, “Stairway to Heaven” ikawekwa katikati kama mgeni wa kawaida, na jukwaani nyuma ya dramu aliketi Jason, mwana wa marehemu. Orodha ile inasifiwa kwa haki. Lakini itazame hali yao. Wote walikuwa wameondoka, wote wakarudi kwa mkupuo mmoja, na ukumbi mzima ulikuwa ukingoja mlango ufunguke. Wimbo wa kwanza ulikuwa mlango wenyewe. Afrigo haikuvunjika. Wakati wanamuziki wenzao walitawanyika Nairobi na Ulaya wakikimbia hali ya Uganda ya miaka ya 1970 na 1980, bendi hii iliendelea kupiga mjini, na kwa miaka mingi ukiitaka mwisho wa juma ulijua pa kwenda: klabu ya Obligatto, Barabara ya Old Port Bell. Taa zikiwaka kwenye usiku wetu wa kuwaza, watakaoonekana kwanza ni watu ambao Kampala iliwaona Ijumaa iliyopita. Kuwaimbia kwamba wamewasili ni kumkaribisha baba mwenye nyumba sebuleni kwake.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya mwili. Kiongozi wa bendi, Moses Matovu, ni mwimbaji na pia ni mpiga saksofoni, na kazi mbili hizo zinachota maji kisima kimoja. Saksofoni haidai mapafu peke yake. Mdomo wa chini unakunjwa juu ya meno, pembe za mdomo zinakazwa, na kijiti chembamba cha mwanzi kinatetema chini ya shinikizo ambalo likilegea kidogo tu sauti inatoka nje ya noti, inalia kama mlango usiotiwa mafuta. Misuli ile midogo inachoka kabla ya mapafu. Mpigaji anaweza kubaki na pumzi tele na bado mdomo ukamkatalia. Sasa mtu huyohuyo akiimba ubeti mzima, akanyanyua ala kupiga solo, kisha akarudi kwenye kiitikio, amelipa mara tatu, na Matovu amevuka miaka 70. Anayempangia nyimbo nne kubwa za mfululizo mwanzoni, ati ukumbi uwake moto, hampendi sana kama anavyodhani. Orodha njema inampa wimbo, inampumzisha mmoja au miwili, inamrudisha. Hilo halihitaji muujiza, kwani bendi ina sauti nyingine ambazo watu watazililia hata kama yeye hayupo. “Jim” ni wa Joanita Kawalya, binti wa Eclas Kawalya, mmoja wa waimbaji wa mwanzo wa muziki wa kisasa wa Uganda, na ni wimbo unaoweza kuubeba ukumbi mzima huku mzee ameketi pembeni akifuta kijiti chake.

Kwa hiyo mwanzo uwe wa upole. Usiku wa dansi wa Kampala haujawahi kuanza kwa kishindo. Bendi hupasha moto vyombo wakati watu wangali wanakula, mpiga besi anatafuta ujazo wake, tumba zinazungumza kwa sauti ya chini. Katika ukumbi wa hoteli wenye viti na vitambaa vya meza mtindo huo una hatari yake, maana aliyelipa tiketi ya bei kubwa hupenda kuona fedha yake ikifanya kazi tangu dakika ya kwanza. Hapo pingamizi lina nguvu, na jibu langu si kamili: ukumbi uchaguliwe kwanza, orodha baadaye, na ukumbi usio na pa kuchezea ukataliwe. Baada ya “Jim” ije “Mundeke”, ambayo kwa Kiswahili ni niacheni, halafu “Oswadde Nnyo”, umeaibika sana. “Speed” iwekwe watu wakishasimama, isiwekwe ili wasimame. Atakayesema nimewanyima watu vibao vyao aihesabu orodha upya. Hakuna kilichotolewa. Kiswahili chetu huziita nyimbo za namna hii zilipendwa, kwa wakati uliopita, na labda kosa la orodha nyingi linaanzia kwenye kitenzi hicho: zinatumiwa kama picha za ukutani, kubwa juu, ndogo chini, wakati zilitungwa ili miguu ifuatane nazo kwa saa nyingi.

Ndipo waingie walioondoka. Si kwa pamoja, na si kwa hotuba. Rachel Magoola, ambaye baadaye watu wengi walikuja kumjua kama mbunge wa Bugweri, apande na “Obangaina”, kwa Kisoga chake, kwenye jukwaa ambalo Kiganda kimelitawala usiku kucha. Nyuma yake waje wengine mmoja mmoja, kila mtu akishika chombo alichokuwa akikishika. Jukwaa likishajaa kiasi kwamba wapiga gita wanagusana viwiko, hapo ndipo “Afrigo Batuuse” ipigwe. Sasa neno lina mwenyewe. Kuna watu waliobaki, kuna watu waliofika, na waliobaki wanaweza kusema wamewasili bila kujikosha. Ile ba iliyokuwa majivuno ya vijana wa mwaka 1975 inakuwa taarifa ya kweli, na inatolewa na mtu ambaye hakuondoka.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la wasioweza kuwasili. Baadhi ya waasisi wametangulia mbele ya haki, na wimbo unaohesabu waliofika unawahesabu pia wasiofika, upende usipende. WITCH, bendi ya roki ya Zambia ya miaka ya 1970, ilirudi majukwaani na Jagari Chanda akiimba huku wenzake wengi wa awali wakiwa marehemu. Vijana walijaza nafasi na muziki ukaenda. Led Zeppelin walimketisha mwana kwenye kiti cha baba. Je, sehemu ya tarumbeta iliyopulizwa zamani na mtu asiyekuwapo ipewe kijana aliyeikariri noti kwa noti? Au kijana huyo apewe ruhusa ya kupiga lake? Au nafasi ile iachwe, wasikie wenye kumbukumbu na wasio nazo wadhani mitambo imeharibika? Kila jibu lina wa kumuumiza, na sidhani mpangaji wa orodha ndiye mwenye haki ya kuamua. Hilo ni la familia na la bendi.

Linalomhusu mpangaji ni dogo zaidi. Matovu ana kinywa kimoja, na wimbo ule unataka neno na saksofoni karibu kwa wakati mmoja, mwishoni mwa usiku, mdomo ukiwa umeshachoka. Achague ala. Neno waachiwe walio chini ya jukwaa, kwa kuwa kisarufi lilikuwa lao tangu zamani: wao ndio wanaoweza kuitazama bendi na kusema wamewasili. Ufunguo ushushwe hata hivyo. Makoo ya mashabiki wa mwaka 1975 nayo yamezeeka.