Mashini ya Picha: Namna ya Kutengeneza Picha na Sauti ili Hata wa Nyuma Wapate



Tangu shule yetu ilipata mashini ya kutupa picha ukutani, masomo mengi yanafanyika nayo: biolojia, jeografia, fizika, tena filme ya siku ya posho. Jina lake la kweli ni projekta. Wengi kati yetu wanaiita retro, lakini retro ilikuwa ile mashini ya zamani yenye kioo cha bapa, ambayo mwalimu alikuwa anaweka karatasi ya plastiki juu yake. Hii yetu inapokea picha kutoka ordinatere. Lakini jina si neno kubwa. Neno kubwa ni kwamba tunaketi wengi mbele yake, na pengine nusu tu wanaona na kusikia sawasawa.

Watu watasema: ni kitu kidogo. Hapana, si kitu kidogo. Sisi wa kalasi ya mwisho tunangoja Exetat. Vitabu ni vichache, na mchoro mmoja ukutani unakuwa kitabu cha watu wote. Kama alama ya kutoa haionekani, ao ile 2 ndogo ya CO2 inapotea, mwanafunzi anaandika kosa ndani ya kaye yake, anajifunza kosa, na siku ya egzamani anarudisha kosa lile lile. Tena mafuta ya grupu yanalipwa na franga za wazazi. Kuyachoma saa mbili kwa picha isiyosomeka ni sawa na kumwaga unga njiani.

Kwa hiyo tumeandika hapa, hatua kwa hatua, namna ya kutengeneza picha na sauti. Mfwate mpango huu, msiruke.

1. Kwanza fasi ya mashini, kisha butoni

Wengi wakiona picha mbaya wanakamata telekomande mbio. Ni kuanza kwa mwisho. Anza na meza.

Mashini iwe sawa mbele ya kitambaa cheupe, si pembeni, na isiinuliwe sana pua. Ukiinua pua yake kwa kuweka jiwe chini, picha inakuwa pana juu na nyembamba chini. Umbo hili Wafaransa wanaliita “trapèze”. Ndani ya menyu kuna mstari wa jina hilo unaoweza kunyoosha picha, lakini ujue namna unavyofanya: mashini inakata pembe za picha yake yenyewe na kukaza maandishi ndani ya fasi ndogo. Kwa mfano, mashini ya vidoti 1024 kwa 768 iko na vidoti 786 432 kwa jumla. Ukinyoosha kwa menyu, sehemu ya vidoti vile haifanyi kazi tena, na herufi ndogo zinaharibika. Basi weka meza juu ya meza, ao shusha kitambaa kidogo. Menyu itumike tu kama njia ingine hakuna.

Kisha umbali. Ukirudisha mashini nyuma, picha inakuwa kubwa na watu wanapiga makofi. Lakini taa ni ile ile. Kama kwa metre 2 picha iko na upana wa metre 1, kwa metre 4 itakuwa na upana wa metre 2, na urefu wake pia mara mbili. Uso wa picha umekuwa mara nne, kwa hiyo kila fasi inapata robo moja tu ya mwangaza. Picha kubwa yenye kufifia haisaidii mtu.

Lakini isiwe ndogo kupita kiasi. Kuna kanuni ya zamani ya watu wa kazi hii: mtu wa mwisho asikae mbali kupita mara sita ya upana wa picha. Picha ya metre 2 inafaa mpaka metre 12. Kama benchi ya mwisho iko metre 15, basi tusogeze mabenchi mbele kuliko kupanua picha mpaka ife.

Mwisho wa hatua hii, zungusha pete ya jicho la mashini mpaka herufi ziwe kali. Usiangalie picha ya watu, angalia maandishi. Na usihukumu ukiwa umesimama karibu na mashini: tuma mwenzako kwenye benchi ya mwisho asome kwa sauti. Tena ungoja kidogo kisha kuwasha, mashini ipate moto, ndipo uhakikishe mara ya pili. Lakini usitie macho ndani ya jicho lenyewe wakati taa inawaka. Mwangaza wake unaumiza.

2. Projekta haiwezi kutupa weusi

Neno hili tunaomba mlishike vizuri, maana makosa mengi yanatoka hapa. Mashini inatupa mwangaza. Haiwezi kutupa giza. Fasi nyeusi ya picha ni fasi ambapo mashini haitupi kitu, kwa hiyo unaona kitambaa namna kilivyo. Kama jua linaingia kwa dirisha na kitambaa kinang’aa, weusi wa picha yako utakuwa ule mwangaza wa dirisha. Hakuna butoni inayoweza kuuondoa.

Dawa ya kwanza basi si menyu, ni madirisha. Mablanketi mawili juu ya dirisha lililo karibu na kitambaa yanafanya kazi kupita butoni zote. Dirisha la nyuma linaweza kubaki wazi kidogo, ili watu wapate hewa na mwangaza wa kuandika.

3. Picha ya kujaribu: sisi wenyewe

Sasa fungua menyu. Usijaribu na picha ya maua ao ya theluji ya Ulaya. Tumia fotografi ya kalasi yetu katika uniforme. Iko na kila kitu: mashati meupe, suruali na jupe za buluu nzito, nywele nyeusi, nyuso zetu za rangi mbalimbali. Kila kitu kitapima mstari wake wa menyu.

“Luminosité” njo inaanza. Jina linadanganya kidogo, maana mstari huu unagusa zaidi upande wa giza. Angalia suruali na nywele. Ukishusha sana, suruali zote zinakuwa shimo moja jeusi, hata mikunjo haionekani. Ukipandisha sana, nywele zinakuwa za majivu, kama watu wamemwagiwa vumbi. Simama pale ambapo weusi ni weusi, lakini mkunjo wa suruali bado unaonekana.

“Contraste” inafwata. Huu unagusa upande wa mwangaza. Angalia mashati. Ukipandisha sana, shati linakuwa doa jeupe, kola na vifungo vinapotea. Kwa njia hiyo hiyo mistari ya rangi hafifu ya ramani inapotea. Shusha mpaka vifungo virudi. Kisha rudi kwa “Luminosité” mara moja tena, kwa sababu hizi mbili zinavutana: ukigusa moja, ingine inasogea kidogo.

“Couleur” na “Teinte” zinakuja nyuma. Hapa angalia nyuso. Sisi tunajua rangi ya wenzetu, hakuna mtu wa kutudanganya. Kama mwenzako amekuwa wa kijani ao wa zambarau, kuna kosa. Katika kemia hii si mchezo: mwalimu akionyesha karatasi ya litmus, wekundu wa asidi na buluu ya bezi vinapashwa kutambulika wazi. Ukiona rangi moja imepotea kabisa, usihangaike na menyu. Mara nyingi ni ule waya wa zamani wa VGA, kichwa chake kimelegea. Zima, kaza, jaribu tena.

“Netteté” ni ya mwisho, na iachwe katikati. Ukipandisha sana inaweka mstari mweupe pembeni ya kila herufi. Jicho linadhani picha ni kali, kumbe ni mapambo tu.

Neno moja juu ya umbo. Filme nyingi za zamani ni za 4 kwa 3, na za sasa nyingi ni za 16 kwa 9. Ukilazimisha 4 kwa 3 ijaze 16 kwa 9, watu wote wanakuwa wanene na duara linakuwa yai. Kwa somo la jeometri ni hatari. Acha mistari nyeusi pembeni, haidhuru kitu.

4. Sauti: kusikia si kupiga kelele

Hapa sisi wakapita tuko na neno la kusema wazi. Katika trimestre iliyopita majina ya wanafunzi wa benchi mbili za nyuma yaliandikwa mara mbili juu ya kelele wakati wa filme. Tulikwenda kuketi pale pamoja nao. Tulisikia nini? Ngurumo tu, na neno moja kati ya matatu. Mmoja anauliza, “Amesema nini?” Mwenzake anamjibu. Wa tatu hakusikia jibu, anauliza tena. Ile njo kelele. Tulieleza hayo kwa Bwana Direkta wa nidhamu, naye akajibu: “Tengenezeni sauti kwanza. Kelele ikibaki, majina yatabaki.” Ni haki. Basi tutengeneze sauti.

Bafle ndogo iliyo ndani ya projekta haitoshi kwa nyumba kubwa. Tena inakaa katikati ya watu, wakati picha inasema kutoka mbele. Tumia bafle za nje, ziwe karibu na kitambaa, zipite vichwa vya walioketi. Mwili wa mtu unakula sauti. Bafle iliyo chini inasikiwa na benchi tatu za mbele tu, na wale wanaziba masikio.

Kisha nguvu. Sauti inapita milango miwili: ordinatere na ampli. Ordinatere uiweke karibu robo tatu, nyingine ipandishwe kwa ampli. Ukifunga ordinatere chini kabisa na kufungua ampli mpaka mwisho, unapandisha pia mvumo wa waya. Na ukilazimisha vyote mpaka mwisho, sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haieleweki hata ikiwa kubwa.

Ile ngurumo dawa yake ni hii: shusha “graves”, yaani sauti nzito. Maneno ya mtu yanaeleweka zaidi kwa sauti za katikati. Hata telefone ya zamani ilikuwa inapitisha karibu hertz 300 mpaka 3400 tu, na watu walisikilizana. Ngoma nzito ni nzuri kwa muziki, lakini kwa somo zinazunguka ukutani na kufunika maneno. Shusha graves, pandisha kidogo “aigus”, utasikia maneno yanatoka shimoni. Fanya hivyo tena kisha watu kuingia, kwa sababu nyumba tupu inarudisha mwangwi kuliko nyumba yenye watu.

Kama mwalimu anatumia mikro, asisimame mbele ya bafle. Mikro ikisikia bafle, sauti inazunguka mpaka kupiga ule mlio mkali. Mlio huo unaitwa larsen, kwa jina la Søren Larsen, mtu wa fizika wa Denmark. Usikimbilie kuzima vyote. Mwalimu arudi nyuma ya bafle, basi.

Pengine midomo inasema mbele na sauti inafika nyuma. Inatokea sana na bafle zisizo na waya. Tumia waya kwanza. Kama hauna, programu VLC, ambayo kazi yake ilianzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris katika mwaka 1996, inaweza kusogeza sauti. Katika ordinatere ya Windows herufi J inaleta sauti mbele, K inairudisha nyuma, kila mguso milisekonde 50.

Na mvua je? Mvua ikipiga juu ya mabati, usishindane nayo. Hakuna bafle yetu inayoweza kushinda. Simamisha filme, mwalimu aeleze mchoro kwa kidole na tablo, ao washa maandishi ya chini kama yako.

5. Kuzima ni sehemu ya kazi

Projekta zenye taa ya zamani zinapata moto sana. Ukikata kuranti mara moja, kipepeo cha ndani kinasimama na moto unabaki ndani. Zima kwa telekomande, ungoja kipepeo kinyamaze, kisha utoe waya. Kwa hiyo angalia mafuta ya grupu mbele ya kuanza, yasikatike katikati. Tena chagua namna ya “éco” kila mara giza linatosha: mwangaza unapungua kidogo, taa inaishi zaidi, na taa mpya ni franga nyingi.

Tunayoomba

Tunaomba kila kalasi ichague wawili: mmoja wa kushika mashini, mmoja wa kuketi benchi ya mwisho na kuinua mkono. Mkono mmoja maana yake hatuoni, mikono miwili hatusikii. Yule wa mashini asianze mpaka mkono umeshuka. Wafike dakika ishirini mbele ya watu, siyo pamoja nao.

Tunaomba pia waalimu, kwa heshima, watupe nafasi ya dakika zile, na waandike herufi kubwa, mistari michache.

Siku ya posho inayokuja tutaanza na fotografi ya kalasi. Wa nyuma, macho na masikio yenu yatakuwa kipimo chetu. Nasi tutaomba jambo moja kwenu: mkisikia, mnyamaze.

Kapita mkuu wa wanafunzi, kalasi ya mwisho