Wakili wa hataza

Wakili wa hataza ni mwanasheria anayemwakilisha mvumbuzi mbele ya ofisi inayotoa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala kuuza uvumbuzi wake bila idhini kwa muda maalumu.

== Nchini Tanzania ==
Upande wa Tanzania Bara hataza hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Sheria ya Hataza ya 1987 inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya ubunifu na uweze kutumika katika uzalishaji, kilimo kikiwemo. Sheria hiyo iliweka muda wa miaka 10, unaoweza kuongezwa mara mbili kwa miaka 5. Zanzibar ina sheria na ofisi yake.

Mkazi wa Tanzania, awe Dar es Salaam au katika kata ya Kingerikiti mkoani Ruvuma, anaweza kuomba mwenyewe. Mwombaji anayeishi nje ya nchi hupaswa kuwakilishwa.

== Kazi yake ==
Kazi kubwa ya wakili ni kuandika madai, sehemu ya maombi inayotaja mipaka ya haki. Kwa mfano, fundi akibuni mashine ya kumenya kahawa na madai yakataja "rola ya chuma" tu, mshindani anaweza kutumia rola ya plastiki na kukwepa hataza. Madai yakiwa mapana mno, yanaweza kukataliwa kwa kugusa vitu vilivyokuwepo tayari.

Wakili pia humweleza mteja kisichoweza kupewa hataza. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo wa Mbinga, ambacho mashimo yake huhifadhi maji na kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko, ni ujuzi wa tangu zamani. Hakuna anayeweza kudai kuwa ni uvumbuzi wake mpya. Kifaa kipya cha kuchimbia ngoro ni suala jingine. Aina mpya za mimea zina sheria yake ya 2012.

== Kabla ya kumwajiri ==
* Uvumbuzi usioneshwe hadharani, kwa mfano kwenye maonyesho ya Nanenane, kabla ya maombi kuwasilishwa, kwani unaweza kupoteza sifa ya kuwa mpya.
* Malipo ya wakili yaandikwe kando na ada za serikali, zikiwemo ada za kila mwaka za kudumisha hataza.
* Mvumbuzi ahakikishe jina lake limo katika maombi, hasa kama kuna mfadhili.

== Nje ya mipaka ==
Hataza ya Tanzania haina nguvu Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Kwa Itifaki ya Harare ya 1982, ombi moja kupitia ARIPO, shirika lenye makao makuu Harare, linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama, zikiwemo Tanzania, Malawi na Msumbiji.