Rangi ya Kipande Ieleze Kazi Yake

Chukua mchoro wa pampu ya maji uliochorwa kwa kompyuta, uukate katikati ili uone ndani. Kama mchoraji hakupaka rangi, utakutana na kijivu kitupu, maana programu kama SolidWorks na FreeCAD hukipa kila kipande kipya rangi hiyohiyo. Ganda, shafti, beringi na sili vyote vimevaa sare moja. Pale sili inapobana shafti ndipo maji hupenda kuvujia, na ndipo jicho linaposhindwa kuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Kwamba rangi inahitajika, hakuna anayebisha. Ubishi huanza tukiulizana kila rangi iseme nini, na hapo msimamo wangu ni kwamba rangi ifuate kazi ya kipande.

Wengi hukipa kila kipande rangi yake. Matokeo yake hupendeza kama kanga mpya, lakini hayamwambii mkaguzi lolote, na rangi zenyewe huisha kabla ya vipande. Tugawe pampu yetu kwa kazi: vinavyozunguka, yaani shafti na impela, viwe njano, vilivyotulia, kama ganda, vibaki kijivu cheupecheupe, sili na gasketi ziwe nyekundu, beringi ziwe buluu. Sasa mchoro unasomeka. Popote njano inapogusa kijivu bila buluu wala nyekundu katikati, pana msuguano ambao hakuna aliyeupanga. Nyekundu ikikatika kwenye njia ya maji kuelekea kwenye mota, pana uvujaji unaosubiri siku yake. Kosa ambalo lingehitaji vipimo kulibaini linaonekana kwa macho.

Historia ya AutoCAD, programu ya kuchora iliyotoka mwaka 1982, inaonyesha hatari ya kuibebesha rangi kazi mbili. Rangi zake zilipewa namba, 1 nyekundu, 2 njano, 3 kijani na kuendelea hadi 255, na enzi za plota za kalamu namba hiyo ndiyo iliyoiambia mashine ichukue kalamu ipi. Nyekundu ya kwenye skrini ingeweza kutoka kwenye karatasi kama mstari mweusi mwembamba. Kalamu zimekwisha, mazoea yamebaki: mafaili ya ctb, yanayoongoza uchapishaji wa mchoro, bado hufunga unene wa mstari kwenye rangi, ingawa AutoCAD 2000 ilileta njia nyingine. Anayebadilisha rangi ili aone vizuri anaweza kujikuta amenenepesha kuta za jengo zima.

Wapo watakaosema mteja anataka kuona chuma kikiwa chuma. Sawa, aandaliwe mwonekano wake. Programu nyingi huruhusu mionekano zaidi ya mmoja ya kitu kilekile. Pingamizi zito ni jingine. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, karibu 8% hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Fotokopi nyeusi na nyeupe hufuta rangi zote. Hata mafaili ya kubadilishana maumbo hupoteza rangi: lile la STL la kawaida hubeba pembetatu tu, na lile la STEP la toleo la AP203 lilipoanza halikubeba rangi, mpaka watu walipohamia AP214. Haya yote ni kweli, ila yanachodai ni kwamba rangi isiachwe peke yake: jina la kipande liwepo, na mistari ya mkato itofautiane. Ndiyo maana pia mpangilio wa juu hauna kijani, na kijivu chake ni chepesi, kisije kikafanana na nyekundu machoni pa asiyeiona vizuri.

Basi ukituma mchoro, andika pembeni mwake kila rangi ina maana gani. Fundi asiyepewa ufunguo huo ataichukulia nyekundu yako kuwa urembo tu, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.